Diski Iliyokataa Kutoka

Deki ya nyumbani ndiyo iliyoanza kuikataa. Iliimeza ile diski, ikaizungusha mara tatu kwa mkoromo wa paka aliyeshiba, kisha ikaandika kwenye kioo chake kidogo kwamba ndani hamna kitu.

"Hamna kitu?" Abudu aliinama akakikodolea macho kile kioo kama mtu aliyetukanwa. "Na hii niliyoiweka sasa hivi ni chapati?"

"Igeuze, Baba," alisema Husnah, binti yao wa miaka kumi na minne, aliyekuwa amejilaza mkekani akijifanya anasoma. "Si Rajab alisema ina pande mbili? Muziki huku, picha kule."

Akaigeuza. Safari hii deki haikuhangaika hata kukoroma.

Zulaika, mke wa Abudu, alikuwa amesimama mlangoni, ncha ya gurbaba, shuka ya Kinubi ya kujifunga, ameizungusha kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi. Alikuwa amejifunga gurbaba yake ya sherehe, ile ya maua ya zambarau, kwa sababu aliona mtu anayeisikia sauti yake ikitoka kwenye deki kwa mara ya kwanza anastahili kuwa amevaa vizuri. Sasa aliona haya. Alitamani aende akabadilishe nguo bila mtu kumwona.

"Labda ni deki yetu," alisema polepole. "Imezeeka."

Wakaipeleka kwa jirani. Deki ya jirani ilipiga ngoma kwa muda wa kupepesa jicho, ikakohoa, ikanyamaza. Ya kinyozi wa chini ya mtaa iliitema kabla haijaingia vizuri, kama mtoto anayetema dawa chungu. Kisha simu zikaanza kuingia. Kikundi chao cha doluka, ngoma ya wanawake, kilikuwa na watu kumi na mmoja, Wanubi wote, wengine wa hapo Mulago, wengine wa Namuwongo, wengine wa mbali kule Bombo. Kila mmoja alikuwa amechukua diski tatu za kuwauzia ndugu, na kila mmoja alikuwa na kisa chake. Mmoja alisema deki yake inanuka kuungua. Mwingine alisema shemeji yake amemrudishia diski mbele ya wageni, akamwambia kwamba kama wanataka sadaka waombe tu, si lazima wauzie watu sahani.

"Sahani!" Zulaika alirudia baada ya kukata simu. Kisha akaenda kuivua ile gurbaba ya sherehe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sokoni walimjua kama mwanamke anayeweza kudaiwa nyanya alizokwisha kuzilipia, naye akalipa tena kuliko kubishana. Ila doluka ikianza, ngoma ikalia, wanawake wakasimama bega kwa bega kuunda duara, Zulaika huyohuyo aliingia katikati akawa mtu mwingine. Alitaja watu kwa majina. Aliwaimba wachoyo, waongo, na wanaume wanaojificha kwa mama zao siku ya kulipa kodi ya nyumba. Na waliotajwa walicheka mpaka wakatoa machozi, kwani ndivyo doluka ilivyo. Linaloimbwa ndani ya duara hakuna anayekwenda nalo nyumbani.

Miaka yote ilikuwa hivyo, mpaka Rajab mwenye studio alipowaambia kwamba sauti kama hizo ni dhambi kuziacha zipotee hewani.

*

"Banange, mama, hiyo si diski mbaya," alisema Rajab kesho yake asubuhi. "Hiyo ni diski mpya. Deki zenu ndizo za zamani."

Studio yake ilikuwa chumba kimoja Wandegeya, juu ya duka la kuchapishia kazi za wanafunzi. Kuta zake zilibandikwa trei za mayai toka chini hadi juu ili kelele za barabarani zisiingie. Ziliingia vilevile.

"Ulituambia itapigwa popote," alisema Abudu.

"Popote penye deki ya kisasa, musee."

"Nani ana deki ya kisasa mtaani kwetu? Nitajie mmoja tu, niende nikamsalimie."

Rajab akakuna kidevu. "Redio mpya za magari zinaipiga. Nimeona kwa macho yangu."

Abudu akamgeukia mkewe. Zulaika aliujua mtazamo ule.

"Hapana, Baba Husnah," alisema.

Gari alilokuwa akiendesha Abudu halikuwa lao. Lilikuwa la Hajat Jamilah wa Kibuli, mwenye magari mawili na macho yanayoyaona yote mawili kwa wakati mmoja. Abudu aliliendesha kama teksi ya kukodi, akiliegesha karibu na lango la hospitali, na kila jioni alimpelekea Hajat fungu lake la siku. Wiki tatu zilizopita Hajat alifunga redio mpya, ya zile zinazomeza diski kupitia mwanya mwembamba. Akaweka sharti: isiguswe na mtu mpaka Jumamosi, siku atakapowapeleka wakwe wa mpwa wake harusini Bombo, kwa muziki na heshima zake zote.

"Dakika moja tu," alisema Abudu walipokuwa wamekaa ndani ya gari, milango imefungwa. "Mke wangu ameimba, watu wote wa kikundi wamemsikia, mimi sijamsikia. Hiyo ni haki?"

Akaisukuma diski. Mwanya ukaipokea kwa taabu, kama mtu anayepita mlangoni na godoro kichwani. Kimya. Abudu akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya bado. Halafu, ghafla, ngoma.

Zulaika akaziba mdomo kwa mkono. Makofi yakaingia, kisha sauti yake, nyembamba, kavu, isiyomwogopa mtu. Hakuwahi kuisikia kutoka nje. Ni nani mwanamke yule? Alimtazama mumewe. Abudu alikuwa amefumba macho, vidole vinapiga usukani, uso mzima umelainika kama siagi iliyoachwa juani.

"Ni wewe," alisema. "Wallahi ni wewe."

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Ulipoingia wa tatu, vidole vya Abudu vikasimama.

Zulaika alikuwa ameusahau. Siku ile ya kurekodi mpiga ngoma alikuwa amechangamka, wenzake wakipiga vigelegele, naye akaimba kama ambavyo angeimba kwenye duara lolote. Aliimba kwa Kinubi, lakini kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

*Jamilah wa Kibuli, mwenye magari mawili,*
*gari likilala gereji, fungu lake halilali.*
*Tairi likipasuka, anamwita dereva:*
*niletee tairi langu, na upepo uliotoka uniletee pia.*

"Mama Husnah," alisema Abudu kwa sauti ndogo. "Umemtaja jina."

"Doluka hutaja majina."

"Najua hutaja. Lakini tumekaa ndani ya gari lake."

Akabonyeza kitufe cha kuitoa. Redio ikalia krr, krr, ikatulia, ikaanza wimbo upya. Akabonyeza tena. Akabonyeza cha kupunguza sauti, cha kuzima, akavibonyeza vyote kwa pamoja kama mpiga kinanda wa kanisani. Hakuna kilichomsikia. Diski ilikuwa imekaza huko ndani, na redio ilikuwa imegandia kazi moja tu, kumwimba Hajat Jamilah kwa sauti ya juu kabisa. Alipozima injini, ikanyamaza. Alipoiwasha, ikaanza mwanzo.

Katika Kampala nzima walikuwa wamepata redio moja iliyoikubali diski yao, nayo ilikuwa imeipenda kupita kiasi.

*

"Siwezi kulilaza gari," alisema Abudu. "Nikililaza leo, jioni nitadaiwa."

Wakatazamana. Wimbo ulikuwa umetoka kusema hivyohivyo. Zulaika akaanza kucheka bila kutaka, Abudu naye akafuata, wakacheka mpaka mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita akainama kuwachungulia.

Kicheko kilikwisha langoni mwa hospitali. Abiria wa kwanza alikuwa mwanamke kijana aitwaye Aloyo, Mwacholi, mwenye beseni, chupa ya chai na mtoto wa siku mbili aliyekuwa akilia kwa nguvu zake zote. Alikuwa anakwenda Namuwongo. Zulaika alitaka kushuka aende nyumbani kwa miguu, lakini Abudu alimwomba kwa macho asimwache peke yake na ile redio.

"Mama, samahani," Abudu alimwambia Aloyo. "Redio ni mbovu. Itapiga kelele kidogo."

Akawasha injini. Ngoma ikalipuka. Mlinzi wa lango akaruka hatua moja nyuma. Aloyo alimkumbatia mwanawe, akafumba macho akingoja kilio kizidi, kisha akayafumbua taratibu.

"Bambi," alisema kwa mshangao. "Amelala. Tangu jana hajalala." Akasikiliza kidogo, kichwa kikimtikisika. "Lugha gani hiyo? Wanaimba nini?"

Zulaika akamtupia mumewe jicho. "Wanamsifu mwanamke mmoja."

"Lazima awe mtu mwema sana."

"Ana magari mawili," alijibu Abudu.

Magari yalisongamana, wakasimama. Vioo vilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na ubeti wa tatu ukatoka mzimamzima ukaenda kando ya barabara, mahali alipokuwa amesimama mzee mmoja mwenye kanzu na bakora, akisubiri kuvuka. Mzee akageuza shingo. Akasogea, akainama dirishani, ndevu zake nyeupe zikitikisika kwa kicheko.

"Huyo si Jamilah wa Kibuli ninayemjua mimi? Na upepo? Ati na upepo anaudai?" Alijifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Ee Mola! Mumpelekee salamu zangu!"

Zulaika aliteleza kitini mpaka kichwa chake kikawa chini ya dirisha. Hapo ndipo alipoliona jambo lenyewe lilivyo. Abiria wa hospitalini wasingeelewa hata neno. Lakini kesho, Jumamosi, gari hili lingejaa wakwe wa Hajat, Wanubi watupu, wamejifukiza udi na kuvaa vizuri, na Hajat mwenyewe amekaa mbele. Toka Kibuli hadi Bombo ubeti ule ungeimbwa mara ngapi? Na mwisho wa safari hiyo, nani angekuwa bado ameshika usukani?

*

Siku ileile, baada ya kumshusha Aloyo, wakaenda kwa Elie, fundi Mkongomani mwenye kibanda kando ya reli hapohapo Namuwongo. Elie alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliingiza kisu chembamba kwenye mwanya, akasikiliza, akakitoa.

"Uko na ingine?" aliuliza.

Zulaika akatoa diski nyingine mkobani. Elie akaiweka juu ya diski yake ya kawaida, akapitisha ukucha ukingoni mwa zote mbili.

"Gusa, mama. Hii iko mnene. Si diski moja, ni mbili, wamezibandika mgongo na mgongo. Mdomo wa redio ulipimwa kwa moja. Kuingia, papa huyu aliisukuma, ikaingia. Kutoka, nani ataisukuma huko ndani?"

"Na zile deki zilizoikataa?" aliuliza Zulaika.

"Zile haziioni. Deki iko na jicho. Linatafuta muziki mahali penye umekaa siku zote. Hapa wameusogeza, kidogo tu, kama unywele. Jicho linapita juu yake linasema, hakuna kitu."

"Lakini unaweza kuitoa," alisema Abudu.

"Hiyo si kazi. Skrubu nne." Elie aliinama na tochi, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaguna. "Eh! Mwenye gari amezipaka skrubu rangi ya kucha."

Zulaika akachungulia. Kweli. Kwenye kichwa cha kila skrubu palikuwa na tone jekundu lililokauka. Hivyo ndivyo Hajat alivyoweka alama kwenye kila kifaa chake, betri, vioo, hata taa za nyuma, ili dereva au fundi asije akakibadilisha kipya kwa kikuukuu.

"Nikiizungusha, rangi itapasuka," alisema Elie. "Atajua."

"Tutanunua rangi hiyohiyo," alisema Abudu. "Nyekundu ni nyekundu."

"Si nyekundu tu," alisema Zulaika. "Anachanganya chupa mbili. Aliniambia mwenyewe. Anasema mwizi hana subira ya kuchanganya."

Elie akavua miwani akacheka kwa heshima kubwa. "Mama huyo alipotea njia. Kazi yake ilikuwa jeshini." Akairudisha miwani. "Basi, mimi nitakata nyaya za spika, huku chini. Itanyamaza. Atafikiri imekufa yenyewe."

Abudu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. "Nitamwambia hivyo. Asubuhi niliwasha gari, nikakuta redio imekufa."

Zulaika alimtazama. Huyu ndiye mtu aliyewahi kurudi hadi mwisho wa mji kumpelekea abiria mwavuli aliousahau. Hakujua kudanganya, akidanganya masikio yalimwiva. Hajat angeipeleka redio kwa fundi wake, fundi angefungua, diski ingetoka, na kwenye uso wa diski kulikuwa na picha ya wanawake kumi na mmoja, mke wa dereva akiwa katikati.

"Kosa ni langu," alisema Abudu, kana kwamba amemsikia anavyowaza. "Mimi ndiye niliyeisukuma."

"Ubeti ni wangu."

"Mama Husnah, miaka minne nimeliendesha gari hili. Akininyang'anya, nitapata jingine." Alisema hivyo akiitazama reli. Wote wawili waliwajua madereva waliokuwa wakishinda pale langoni na leseni mifukoni, wakingoja jingine.

Elie alishika koleo mkononi, akingoja. Ingekuwa rahisi. Zulaika alikuwa hodari wa kunyamaza. Hakuna kitu alichokifanya vizuri zaidi duniani, kama ngoma hailii.

"Usikate," alisema. "Unatudai kiasi gani kwa kuangalia?"

"Kuangalia ni bure, mama. Lakini hii diski niachie. Nitakutafutia deki yenye itaiona."

Zulaika akamgeukia mumewe. "Nipeleke Kibuli."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kabla sijapata nafasi ya kufikiri."

*

Hajat Jamilah alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya kigoda, mikono mapajani viganja vikitazama juu. Hina mbichi ilimfunika toka ncha za vidole hadi juu ya vifundo. Aliyempaka hina alikuwa ameondoka sasa hivi, akimwonya asijitikise mpaka ikauke.

Abudu alilisukuma gari kwa mkono toka njia panda, injini imezimwa, Zulaika akishika usukani kupitia dirishani. Hajat aliwatazama wakiingia hivyo uani kama mtu anayetazama maiti ya jamaa yake ikiletwa.

"Asalaam alaykum, Hajat," alisema Zulaika, akipiga goti kumsalimia.

"Waalaykum salaam. Gari langu lina nini?"

Abudu akafungua mdomo. Zulaika akamtangulia.

"Gari ni zima. Redio ndiyo imekwama. Ndani kuna diski, na diski ni yangu. Baba Husnah aliiweka kwa ajili yangu."

"Nilisema isiguswe."

"Ulisema."

"Diski ya nini?"

"Ya doluka."

Kitu fulani kikapita usoni mwa Hajat, kikaondoka. "Doluka ya nani?"

"Yetu. Ya kikundi chetu. Nawe umo. Ni afadhali uisikie hapa kuliko kuisikia kesho mbele ya wakwe."

Abudu akaingia garini. Alikosea tundu la ufunguo mara mbili. Injini ikawaka, na ngoma ikajaa ua mzima, kuku wakatawanyika. Hajat hakuweza kuinuka wala kuinua mkono. Hina ilikuwa imemfunga kitini. Ubeti wa kwanza, kichwa chake kikaanza kutikisika. Wa pili, midomo ikawa inayafuata maneno. Wa tatu ulipoanza, kichwa kikasimama, na macho yakakaa mahali pamoja mpaka ubeti ukaisha. Abudu alizima injini baada ya neno upepo, akiwa amechelewa kabisa.

"Ubeti huo nani ameutunga?"

"Mimi."

"Wewe?" Hajat alimpima juu hadi chini, kama anayekagua gari lililorudi na mkwaruzo. "Wewe ambaye kila ukija hapa unaisalimia sakafu?"

"Ni mimi, Hajat. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Umesema uongo?"

Zulaika aliishika ncha ya gurbaba, akaanza kuizungusha kidoleni.

"Tairi nilidai," alisema Hajat. "Siwezi kukataa. Upepo sikudai."

"Upepo niliongeza."

"Najua umeongeza. Ndio utamu wenyewe." Sauti yake ikashuka. Haikuwa tena sauti ya mwenye magari. "Mlirekodi lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja. Na hakuna hata mmoja aliyekumbuka nyumba ninayokaa." Aliitazama mikono yake iliyopakwa. "Nilikuwa naingia katikati ya duara kabla mama yako hajakuzaa. Nikanunua gari, mkaacha kuniita. Harusini naalikwa, ndiyo. Napewa kiti cha mbele na soda baridi. Halafu ngoma ikitolewa, mnaniangalia mpaka niage. Mnadhani sioni?"

"Tuliona haya, Hajat."

"Mliona haya kuniita, hamkuona haya kuniimba. Mtu huimbwa akiwepo, Zulaika. Akiwepo, anajibu. Kumwimba asiyekuwepo ni kumsengenya kwa ngoma."

Zulaika alikuwa amejitayarisha kufukuzwa. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, hata kwa kumwona mumewe akitoa ufunguo mfukoni na kuukabidhi. Hakujitayarisha kuwa na kosa, tena kosa la namna hii. Siku mbili alikuwa amelaumu unene wa diski, maneno ya Rajab, ukongwe wa deki. Kumbe katika duara huwa kuna nafasi inayoachwa kwa yule aliyetajwa, aingie naye aseme lake. Kwenye diski hawakumwachia mtu nafasi.

"Ni kweli," alisema. "Hilo tumekukosea."

Hajat akavuta pumzi ndefu puani. "Abudu! Washa."

"Hajat, labda..."

"Washa gari. Petroli nitalipa mimi. Mshangae."

Ngoma ikarudi. Hajat aliacha beti tatu zipite, akingoja makofi ya mwisho, na makofi yalipokuja akatupa kichwa nyuma akaimba juu yake. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na umri, lakini ilijua mahali pa kuingilia:

*Yuko mwanamke Mulago, ulimi kaufungia ngomani;*
*ngoma ikitundikwa, naye ananing'inia ukutani.*
*Mumewe humbebea salamu, na hasira humbebea,*
*maskini Abudu, punda wa barua zisizoandikwa.*

Abudu alicheka kabla hajaweza kujizuia, akajifanya anakohoa. Zulaika alijifunika uso kwa gurbaba. Alikuwa anacheka na ilikuwa inamuuma, vyote pamoja, kwa sababu hapakuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza. Hajat alikuwa akihema. Mguu wake mmoja ulikuwa umepiga mdundo bila ruhusa, na hina ilikuwa imepakaa kigoda kizima.

"Haya," alisema, macho yakimwaka. "Nipo. Nijibu."

Redio ilikuwa inaanza wimbo upya. Zulaika alijifunua uso. Ubeti ulikuwa umeshamfika kwenye ulimi, tena mzuri, wenye hina ndani yake na mwanamke anayecheza akiwa amekaa. Angeuimba, wangecheka wote, na jioni Abudu angempelekea Hajat fungu lake kama kawaida.

Alimgeukia mumewe akamwonyesha kwa mkono azime.

Ngoma ikakatika. Mtaa ukarudi: mtu anatwanga karanga nyuma ya ukuta, boda inapita, kuku wanarejea mmoja mmoja.

"Siku ambazo gari liko gereji," alisema Zulaika, "Baba Husnah asitoe fungu." Sauti ilimtetemeka njia nzima, lakini ilifika. "Siku hizo hapati kitu. Anakopa ili akuletee, halafu mimi namdanganya Husnah kwamba sina njaa. Redio nitailipa, kidogo kidogo, ni haki yako. Lakini siku za gereji, hapana."

Hajat akakunja uso. "Nimesema ujibu. Imba."

"Hili siimbi, Hajat. Hili nasema."

Ndani ya gari Abudu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa linakwenda popote. Hajat aliutazama mguu wake wenye hina iliyovurugika. Akalitazama gari. Kisha akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, naye Zulaika hakuangalia sakafu.

"Kuna kigoda kingine ndani ya mlango," alisema Hajat mwishowe. "Kilete ukae. Shingo inaniuma kukutazama huko juu, na naona mazungumzo haya ni marefu."